Spina, popiti, mpira wa kuminya: kipi kinatuliza wasiwasi kweli na kipi ni mbwembwe?

#1 Mikono_Haitulii
Wakuu salaam. Hoja yangu ni fupi. Katika vichezeo vyote vya mkononi vinavyouzwa kwa jina la "kuondoa wasiwasi", spina (kile kidude cha mabawa kinachozungushwa kwa kidole) ndiyo iliyovuma kuliko vyote (2017 dunia nzima ilikuwa inazunguka) na ndiyo mbovu kuliko vyote kwa kazi hiyo. Unaipiga kidole mara moja, halafu mkono unakaa bure dakika nzima huku macho yakitazama. Mtu mwenye wasiwasi kinachomhangaisha ni mkono, macho hayana shida.

Kipimo changu: kitie mfukoni au chini ya meza. Kama huwezi kukitumia bila kukitazama, hicho ni cha kuchezea tu.

Karibuni mnipinge. Na wenye ujuzi waseme: kipi kinafanya kazi, kwa nini, na namna ya kukitengeneza nyumbani badala ya kununua takataka inayokufa wiki ya kwanza.

#2 FundiBeringi
Umeonja spina mbovu ukalaani zote. Katikati ya spina ya kawaida kuna beringi namba 608: tundu milimita 8, upana wa nje 22, unene 7. Ndiyo hiyohiyo ya mbao za magurudumu, na maduka ya spea wanayo. Inatoka kiwandani na grisi ndani kwa sababu imetengenezwa kubeba mzigo, si kuzunguka ovyo hewani. Grisi ndiyo inayoikaba.

Toa vifuniko viwili vya kati (vingine vinachomoka kwa kucha, vingine vina uzi wa kufungua). Sukuma beringi nje kwa kitu butu, usigonge kwa nyundo. Ngoa ngao ya pembeni kwa ncha ya pini. Ikiwa ina kipete chenye mwanya, anza na ncha moja ya mwanya, na weka kidole juu yake maana inaruka. Loweka kwenye petroli au spiriti dakika 10, tikisa, mwaga, rudia mpaka kimiminika kitoke safi. Kausha kabisa. Kisha tone MOJA la mafuta ya cherehani. Matone matatu yanairudisha ulikoitoa.

Ukinunua beringi angalia maandishi: 608ZZ ina ngao za bati zisizogusa ndani. 608-2RS ina mpira unaosugua, hata uisafishe vipi inabaki nzito.

#3 Mikono_Haitulii
Shukrani kwa somo, lakini umenisaidia kushinda. Ukiifanya izunguke dakika tatu badala ya nusu, umeupa mkono likizo ya dakika tatu.

#4 FundiBeringi
😂 Hapo umenibana. Ila kuna kitu hukukitaja. Ikiwa inazunguka, igeuze kwa kiwiko na kiganja taratibu, kushoto na kulia. Utahisi inagoma, inavuta upande ambao hukuupeleka. Gurudumu lolote lenye kasi hukataa kugeuzwa mhimili wake. Huo mvuto unahisiwa na kiungo cha mkono, macho yakiwa yamefumbwa. Spina nzito ya chuma inafanya hivyo vizuri, ya plastiki nyepesi haina kitu. Kwa hiyo kipimo chako cha mfukoni kinaifelisha, cha kufumba macho hakiifelishi.

#5 ChakiNyeupe
Kwa upande wa darasani spina imeshahukumiwa. Julia Soares na Benjamin Storm, Chuo Kikuu cha California kule Santa Cruz, walitoa utafiti 2019: watu wanatazama somo la video, wengine wana spina mkononi. Wenye spina walikumbuka vibaya zaidi. Na si kwamba walikuwa wanaichukia. Hata ukichukua wale tu waliokuwa wanaipenda au hawana upande, matokeo ni yaleyale.

Kanuni zinazofaa darasani ni chache: kisilie, kisiwake taa, kisionekane na jirani, kisiondoke mkononi. Kikirushwa mara moja kinakwenda mezani kwa mwalimu. Spina inavunja karibu zote. Kitambaa kilichoshonewa gololi moja ndani, mtoto akawa anaisukuma kutoka pembe hii hadi ile, hakivunji hata moja. Vipande viwili vya jinzi sentimita 8 kwa 8, unashona njia ya kupinda katikati, gololi ndani, unafunga. Mshono uwe wa kurudia mara mbili, la sivyo gololi inatoka siku ya tatu na kuanza maisha mapya chini ya madawati.

#6 Nyuzi33
Mnahangaika na beringi wakati wazee wamemaliza jambo hili kwa shanga na uzi. Tasbihi. Haina betri, haina sauti, inaingia mfukoni, inahesabika kwa dole gumba bila kutazama. Mleta uzi, kipimo chako cha mfukoni hii inapita na alama za ziada.

#7 Ustaadh_wa_Bonde
Ndugu yangu #6, tasbihi si kichezeo. Ni ya dhikri. Tuanze hapo kabla hatujaiweka kapu moja na spina.

#8 Nyuzi33
Sijaiita kichezeo, sheikh, nimesema inatuliza. Utulivu ni tunda lake.

#9 Ustaadh_wa_Bonde
Tunda la dhikri. Uzi peke yake hauna tunda.

#10 Boya_la_Mtepe
Kabla hamjarushiana kofia: Wagiriki wana kitu cha namna hiyo ambacho hakina ibada ndani yake hata kidogo. Kinaitwa komboloi. Wazee wanakaa mkahawani wanazipitisha shanga, zinagongana, wanazirusha juu ya mkono. Idadi ya shanga kwa kawaida ni witiri (isiyogawanyika kwa mbili), kama 17, 19 au 23. Siri yake ni moja: uzi unaachwa mrefu kuliko shanga, ili ziwe na nafasi ya kuteleza. Tasbihi nyingi za madukani shanga zimebanwa, zinasukumika kidogo kidogo tu. Kwa hesabu inatosha. Kwa mkono usiotulia, nafasi ndiyo dawa.

Vipimo vya kujitengenezea: shanga 17 za milimita 10 zinakula sentimita 17 za uzi. Ongeza nafasi ya vidole vinne vilivyolazwa, karibu sentimita 7 au 8. Uzi wa kusokotwa wa fundi viatu unadumu. Nailoni ya mshipi wa samaki hapana: inashika umbo la kukunjwa, na ukingo wa tundu la shanga unaikata taratibu mpaka siku moja zote ziko sakafuni.

#11 Kipepeo_Mdogo
Natia nanga hapa nisome. Swali: popiti je? Zile za silikoni za kubonyeza vitobo.

#12 ChakiNyeupe
Popiti ilivuma 2021, ila wazo ni la miaka ya 1970, la Theo na Ora Coster wa Israeli. Kwa watoto ni nzuri kwa sababu kila kibonyezo kina mwisho: umebonyeza, kimeitika, unakwenda kingine. Mwisho wa safu unaigeuza unaanza upya. Ubaya wake ni sauti. Darasa la watoto 60, kumi wana popiti, ni kama mvua ya mawe kwenye bati. Ya silikoni nene inalia zaidi kuliko laini. Kabla ya kununua bonyeza vitano haraka sikioni pako, dukani hapohapo.

#13 FundiBeringi
Naongeza: silikoni halisi ukiivuta haibadiliki kuwa nyeupe, na haina harufu kali. Zile zinazonuka kama mapazia ya bafuni si silikoni. Na ziosheni kwa sabuni. Mafuta ya mkono yakikaa zinanata na kukusanya vumbi mpaka hamtaki kuzishika.

#14 Tibamaji
Samahani niwarudishe kwenye swali la mleta uzi, maana mmeruka "kwa nini" mkaenda "namna gani". Wasiwasi na kutotulia ni vitu viwili. Mtu mwenye ADHD (hali ya kukosa umakini na kutotulia) anatikisa mguu kwa sababu kichwa kina njaa ya mwendo. Kuna utafiti wa Florida, Marekani, wa 2015, wa akina Sarver na Rapport, kwa wavulana wa miaka 8 hadi 12. Wenye ADHD walipojitikisa zaidi kwenye kiti walifanya vizuri zaidi kwenye jaribio la kumbukumbu ya papo kwa papo. Wavulana wasio na ADHD ilikuwa kinyume, kujitikisa kuliwapunguzia.

Kwa hiyo kifaa kilekile kinamsaidia mmoja na kumharibia mwenzake wa dawati moja. Yule wa kwanza mwendo unampandisha, maana msisimko wake uko chini mno. Mwenye wasiwasi tayari yuko juu, ukimwongezea msisimko umemzidishia.

#15 ChakiNyeupe
Sawa, ila tahadhari: utafiti huo ulipima mwili kujitikisa kwenye kiti, haukupima kichezeo mkononi. Na ulipokuja kupimwa kichezeo chenyewe, palepale Florida, spina kwa watoto wadogo wenye ADHD, umakini ulishuka. Kwa hiyo huwezi kuruka kutoka kwenye mguu ukatua kwenye spina.

#16 Tibamaji
Nakubali sehemu hiyo. Ndiyo maana nasema mguu. Mpira wa baiskeli (tyubu kuukuu) ukifungwa kwenye miguu miwili ya mbele ya kiti, mtoto akawa anausukuma kwa nyayo, unafanya kazi hiyo kimyakimya. Kata tyubu uwe mkanda, funga sentimita 10 hadi 15 kutoka sakafuni. Ukilegea mno anaukanyaga, ukikaza mno anauacha.

#17 Sangara_Mkavu
Maelezo ya #14 ni mazuri lakini si ya wasiwasi. Kwa wasiwasi maelezo ni rahisi: kichwa kina nafasi ndogo ya kushika mambo kwa mara moja. Ukikipa kazi ndogo ya mkono, hofu inakosa kiti. Ni kama daladala iliyojaa.

#18 Tibamaji
Daladala haijawahi kukosa nafasi ya mmoja zaidi. 😅

#19 Sangara_Mkavu
Hahaha. Haya, basi mfano mwingine: Jackie Andrade wa Plymouth, Uingereza, utafiti wake ulitoka 2010. Watu 40 wanasikiliza ujumbe wa simu wa kuchosha wa dakika mbili na nusu. Nusu yao wanapaka rangi vijumba kwenye karatasi. Waliopaka walikumbuka asilimia 29 zaidi. Kazi ya mkono iliziba ule upenyo ambao mawazo hutorokea. Wasiwasi ni mawazo yanayotoroka kwenda pabaya.

#20 ChakiNyeupe
Lakini angalia neno "kuchosha". Kwa ujumbe mgumu, ile kazi ndogo inaanza kugombea nafasi na somo. Ndiyo spina ya #5.

#21 Bi_Ukili
Hodi humu. Mnasoma Florida na Plymouth, hamjatazama barazani? Mwanamke anasuka ukili (ule mkanda wa ukindu unaoshonewa mkeka) huku anazungumza saa tatu mfululizo, na hakosi neno. Mkono unakwenda wenyewe, macho yako kwa mgeni. Mwingine hana ukili, anasokota pindo la kanga. Hilo pindo ni kichezeo cha wasiwasi kuliko hizo plastiki zenu, na linapatikana palepale inapohitajika: msibani, hospitalini, mbele ya wakwe.

Tofauti ya ukili na spina: ukili una kinachobaki. Mwisho wa mazungumzo kuna pima mbili zimesukwa. Anayejifunza aanze na mianzi (chane za ukindu) mitatu mipana, asiende saba kwanza. Ukindu uloweshwe kidogo, ufungwe kwenye kitambaa kibichi. Ukiwa mkavu unakatika na unachana vidole. Ukilowa mno, ukikauka unaachia mianya.

#22 Mikono_Haitulii
Bi Ukili, hii ndiyo niliyokuwa naitafuta. Ila anayejifunza atahitaji macho wiki kadhaa, kwa hiyo mwanzoni ukili unafeli kipimo changu.

#23 Bi_Ukili
Na kutembea je, ulianza umefumba macho? Kipimo chako, mwanangu, kinapima mazoea, wewe unadhani kinapima kifaa.

#24 Kipepeo_Mdogo
🔥🔥 Uzi huu uwekwe juu.

#25 Mjengo_wa_Chini
Mpira wa kuminya wa nyumbani, kwa wanaotaka leo hii. Baluni moja, jaza kikombe kizima cha unga wa ngano kwa faneli, funga fundo. Kazi imekwisha.

#26 Mama_Vipimo
#25, kikombe kizima kitakupa jiwe, na baluni moja itakupasukia mapajani. Rekebisha hivi:

Baluni mbili za inchi 12. Puliza ya kwanza kisha iachie, mpira ulegee. Unga gramu 60 hadi 90, yaani nusu kikombe hadi robo tatu. Utie kwenye chupa kavu ya maji ya nusu lita. Puliza baluni kiasi cha chungwa, isokote shingo hewa isitoke, ivishe kwenye mdomo wa chupa, isokotoe, pindua chupa, minya taratibu. Faneli peke yake inaziba kwa sababu unga hauteremki kwenye shingo nyembamba, hewa ya baluni ndiyo inayoipanua. Ikishaingia, bana shingo, ivue, toa hewa YOTE polepole huku umeelekeza mdomo mbali na uso. Hewa ikibaki, ndiyo itakayopasua mpira siku ya kwanza. Funga. Ya pili kata shingo, ivishe juu kwa kuanzia upande wa fundo, ili tundu la pili liwe mbali na fundo la kwanza.

Unga ukaange kavu kwenye sufuria dakika tano na upoe kabisa kabla, hasa pwani. Unga wenye unyevu unafanya mabonge, halafu wadudu. Mchele unadumu zaidi na una mguso mzuri wa vidole, ila ni mgumu kuminya. Juani baluni zinaanza kunata na kupasuka nyufa, kwa hiyo usiuache dirishani.

Na msiwape watoto wadogo. Kipande cha baluni kikiziba koo hakitoki kwa urahisi, maana kinajifinyanga na njia ya hewa.

#27 Mjengo_wa_Chini
Nimesalimu amri. Mapajani umejuaje?

#28 Tibamaji
Sasa namna ya kuutumia, maana wengi wanaminya mfululizo kama wanakamua ng'ombe, mwisho misuli ya mkono inauma na wasiwasi uko palepale. Edmund Jacobson, daktari wa Marekani, alifundisha kukaza na kulegeza misuli tangu miaka ya 1920. Kinachotuliza ni kule kulegeza. Minya sekunde 5, kwa nguvu ya wastani. Achia sekunde 15, uhisi kiganja kinavyokuwa kizito na joto. Mara tano mkono huu, tano ule. Ukiachia, toa pumzi. Usiminye huku umebana pumzi.

#29 Sangara_Mkavu
Basi kwa maelezo hayo mpira hauna kazi yoyote, ngumi tupu inatosha.

#30 Tibamaji
Karibu inatosha. Mpira unazuia kucha zisichimbe kiganja na unakukumbusha. Hayo tu.

#31 Kijiwe_cha_Daktari
Kuna ushahidi wa mpira hospitalini. Surrey, Uingereza, 2015: wagonjwa 398 wa upasuaji wa mishipa ya miguu, wako macho, ganzi ya sehemu tu. Wenye mipira ya kuminya waliripoti wasiwasi pungufu kwa asilimia 18 na maumivu pungufu kwa asilimia 22 kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wenye filamu, wasiwasi ulipungua asilimia 25. Waliokuwa na muuguzi wa kuzungumza nao, asilimia 30. Muziki haukufanya kitu.

#32 Bi_Ukili
Muuguzi kaushinda mpira. Baraza tena.

#33 Nyuzi33
Na #17 na #28 wote wanaweza kudai ushahidi huo ni wao. Kazi ndogo ya kichwa, au kukaza na kulegeza? Filamu haina misuli, ikashinda mpira kwenye wasiwasi. Ila kwenye maumivu…

#34 Sangara_Mkavu
Nilikuwa naandika hilohilo. Filamu ni pointi yangu.

#35 Ganda_la_Kucha
Hamjagusa kundi moja kubwa: wang'ata kucha, wang'oa nywele, wachuna ngozi ya vidole. Hapo kichezeo hakihitaji falsafa. Azrin na Nunn walieleza mbinu 1973: kwanza jifunze kutambua dalili ya mwanzo, kisha weka tendo mbadala lisiloweza kwenda pamoja na lile baya. Mkono ulioshika shanga hauwezi kuwa mdomoni.

Makosa yanayofanya mbinu isishike:
– kuanza na kichezeo kabla ya kutambua. Siku tatu za kwanza andika tu: wapi, saa ngapi, kidole kipi. Mara nyingi inatokea sehemu mbili tu, mfano ukisoma simu kitandani na ukiwa kwenye foleni.
– kichezeo kuwa kwenye begi. Kiwe sehemu hizo mbili, kimefungwa pale.
– kuachia mapema. Hamu ikija, shika dakika moja kamili, walioanzisha walikuwa wanasema hadi tatu. Sekunde kumi hazitoshi, hamu inakusubiri.
– mbadala usiofanana. Anayechuna ngozi anataka kitu cha kuchuna: kipande cha utepe wa gundi uliobandikwa kwenye kadi, au maganda ya mbegu za maboga. Mpira wa kuminya kwake ni kama kumpa maji mwenye njaa.

#36 Kipepeo_Mdogo
Maganda ya mbegu za maboga! Bora kuliko yote humu, unakula na tiba.

#37 Kijiwe_cha_Daktari
Naomba niwe mchawi wa uzi. Kwa mtu mwenye shambulio la hofu linalorudi, kichezeo kinaweza kuwa sehemu ya ugonjwa. Wataalamu wa tiba ya fikra na tabia wanaiita tabia ya kujikinga: umepanda lifti na spina yako, hukufa, ubongo unaandika "spina imeniokoa" badala ya "lifti haiui". Siku umeisahau nyumbani, hofu inarudi mara mbili. Dalili ni hiyo: ukikosa kichezeo unaghairi safari. Hapo kinaondolewa kwa ngazi, kwanza mfukoni bila kushikwa, halafu kwenye begi, halafu nyumbani.

#38 Ganda_la_Kucha
Kwa hofu, sawa. Kwa kucha, hapana. Usituondolee shanga zetu.

#39 Ustaadh_wa_Bonde
Na kwa dhikri haihusu kabisa.

#40 Nyuzi33
Sheikh bado upo macho 😂

#41 Boya_la_Mtepe
Kidogo nje ya mada. Nimeona mtandaoni wanasema spina ilibuniwa na Catherine Hettinger wa Florida akadhulumiwa. Inauma.

#42 FundiBeringi
Si kweli hivyo. Hati miliki yake ya 1997 ilikuwa ya kitu kama kofia kinachozungushwa juu ya ncha ya kidole, hakina beringi. Iliisha nguvu 2005 kwa sababu ada ya dola 400 haikulipwa. Hata angeilipa, isingeifunika spina ya beringi. Cha kuhuzunisha zaidi ni ile dadu yenye vibonyezo pande sita, ya 2016: wabunifu wake ndugu wawili wa Denver waliomba dola 15,000 kwa michango, wakachangiwa zaidi ya milioni 6.4. Kabla hawajafikisha mzigo kwa wachangiaji, nakala zilishafika madukani. Nyingi zilizozagaa mitaani ni nakala. Zijue kwa kijiti cha kuzungusha kinacholegea, na swichi inayobofya mwezi mmoja kisha inakuwa bubu, maana kibati cha ndani kimepinda.

#43 Mjengo_wa_Chini
Nirudi kwa #2. Mafuta ya cherehani sina, nikatie WD-40 au mafuta ya nazi?

#44 FundiBeringi
WD-40 ya kawaida ni ya kufukuza maji na kulainisha kutu. Inasafisha vizuri, halafu inakauka. Kama kilainishi cha kudumu hapana. Mafuta ya nazi usithubutu: chini ya nyuzi 24 hivi yanaganda, na yakichanganyika na vumbi yanakuwa gundi.

#45 Sangara_Mkavu
Kwa hiyo Dar inazunguka, Njombe inasimama.

#46 FundiBeringi
Njombe unakuwa na mshumaa wenye beringi.

#47 Mama_Vipimo
Usalama, kwa ufupi maana watu wanacheka sana humu.

Spina za taa zina betri za kifungo. Ikimezwa na kukwama kooni inaunguza nyama ndani ya saa mbili. Mtoto aliyezidi mwaka mmoja, ikiwa hazijapita saa 12 na anaweza kumeza, mpe asali vijiko viwili vya chai kila dakika 10, isizidi mara sita, MKIWA NJIANI kwenda hospitali. Msichelewe kwa ajili ya asali, msimtapishe. Kabla ya kununua: kifuniko cha betri kiwe na skrubu. Kikifunguka kwa ukucha, kiache dukani.

Gololi ndogo za sumaku kali: moja inaweza kupita, mbili zikimezwa kwa nyakati tofauti zinavutana utumbo ukiwa katikati na kuutoboa. Mwanzoni inaonekana ni tumbo la kawaida tu.

Spina za shaba na rangi za bei chee: 2017 Marekani ilipimwa moja ikakutwa na madini ya risasi zaidi ya sehemu 33,000 kwa milioni, wakati kikomo cha bidhaa za watoto ni 100. Mwaka huohuo forodha ya Frankfurt ilizuia tani 35 za spina kwa hofu ya usalama. Mikono inakwenda mdomoni, kumbukeni.

#48 Tibamaji
Asante, hii ya asali wengi hawaijui.

#49 Mikono_Haitulii
Basi nihesabu. Njaa ya mwendo (#14), hofu kukosa kiti (#17), kulegeza misuli (#28), mkono kuzuiwa (#35), baraza (#21), na #37 anayesema inaweza kudhuru. Spina imetetewa na mtu mmoja tu mwenye duka la beringi.

#50 FundiBeringi
Sina duka. Na umesahau kufumba macho, #4. Hakuna aliyejibu hilo.

#51 ChakiNyeupe
Hakuna aliyejibu kwa sababu hakuna anayezungusha spina amefumba macho.

#52 Boya_la_Mtepe
Wakati mnabishana, kuna mtu kaniuliza pembeni fundo gani halifunguki kwenye komboloi. Pitisha ncha zote mbili kwenye shanga moja kubwa ya mwisho, kisha funga fundo bapa, kulia juu ya kushoto, halafu kushoto juu ya kulia. Ukirudia upande uleule mara mbili, hilo ni fundo la bibi, linateleza. Kaza, kata ukiacha milimita 5, yeyusha ncha kwa moto wa kiberiti kama uzi ni wa nailoni. Wa pamba usiuchome, upake tone la gundi.

#53 Bi_Ukili
Fundo la bibi linateleza? Bibi yupi huyo. Njoo barazani nikuonyeshe la bibi.